Mkanda Mzima Uko Wapi? Mafunzo Kutoka Filamu za Habari za Zamani za Marekani

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni wetu wafadhili, mara baada ya kutazama kwa pamoja mikanda ya zamani ya filamu za habari za Marekani.



Napenda kuchukua nafasi hii kuwashukuru kwa uvumilivu wenu. Tumekaa gizani karibu saa nzima tukitazama ukutani mambo yaliyotokea Marekani kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Nimewasikia baadhi yenu mkicheka jinsi msimuliaji anavyosema mbio mbio kama mtu anayewahi basi. Nimeona pia jinsi ukumbi ulivyonyamaza ulipofika mkanda wa Chicago.

Nimeombwa nieleze tulichokiona. Sikusudii kueleza historia yote ya Marekani, maana hata wiki nzima isingetosha. Nataka tuangalie jambo moja tu, nalo ni hili: picha inayotembea hupita katika mikono ya watu kadhaa kabla ya kufika machoni petu. Yuko anayepiga, yuko anayekata na kuunganisha, yuko anayeweka maneno, na yuko anayeshika ufunguo wa kabati. Kila mmoja wao anaweza kutusaidia kuuona ukweli, na kila mmoja anaweza kutuficha. Mwenye busara hutazama picha akiwa anaikumbuka mikono hiyo minne.

Filamu za habari zilikuwa nini?

Wazee waliomo humu wanalikumbuka gari la sinema lililokuwa likija kijijini. Watu walikaa chini uwanjani, na kabla ya picha yenyewe kuanza walionyeshwa matukio ya serikali: kiongozi akikata utepe, gwaride, maonyesho ya kilimo. Kule Marekani desturi hiyo ilianza mapema sana na ikawa biashara kubwa. Kampuni ya Pathé, yenye asili ya Ufaransa, ilianza kutoa mkanda wake wa habari nchini humo mwaka 1911. Mikanda ya wakati huo haikuwa na sauti. Watu walisoma maandishi yaliyopita katikati ya picha. Sauti ilikuja mwaka 1927. Tarehe 20 Mei mwaka huo, rubani Charles Lindbergh alipoondoka New York peke yake kwenda Paris, wapiga picha wa Fox Movietone walichukua picha pamoja na mngurumo wa ndege, na usiku ule ule watu wa New York wakaiona na kuisikia katika ukumbi wa Roxy.

Kufikia miaka ya 1930 zilikuwapo kampuni kubwa tano: Fox Movietone, Paramount, Pathé, Universal na ile ya Hearst, tajiri wa magazeti. Kwa kawaida kila kampuni ilitoa mikanda miwili kwa wiki, kila mmoja wa kama dakika kumi, ukaonyeshwa kabla ya filamu ya hadithi. Tukumbuke kwamba televisheni ilikuwa bado haijaingia majumbani. Redio ilikuwa na sauti bila sura, na gazeti lilikuwa na sura isiyosogea. Aliyetaka kumwona Rais akitembea na kusema ilibidi aende sinema.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mtazamaji alilipa kiingilio kwa ajili ya filamu ya hadithi. Habari zilikuwa nyongeza. Mwenye ukumbi hakupenda nyongeza hiyo imuudhi mteja wake. Ndiyo maana katika mikanda mingi tunaona mashindano ya urembo, mbio za farasi na mbwa wanaocheza ngoma, na katikati yake dakika moja ya siasa. Biashara hiyo iliendelea mpaka televisheni ilipoishinda. Pathé ilifunga mwaka 1956, Paramount mwaka 1957, Movietone mwaka 1963, na Universal na Hearst mwaka 1967.

Mkono wa kwanza: anayepiga picha

Mkanda wa kwanza tuliouona ni wa Rais Franklin Roosevelt akiapishwa tarehe 4 Machi 1933. Mmemwona akisogea polepole, ameshika mkono wa mwanawe James. Mtu asiyejua angedhani ni baba anayetembea kwa heshima na kijana wake. Ukweli ni kwamba Roosevelt aliugua polio mwaka 1921 akiwa na miaka 39, na tangu hapo hakuweza kutembea bila msaada. Miguuni alivaa vyuma, na ule mkono wa mwanawe ulikuwa nguzo. Nyumbani na ofisini alitumia kiti cha magurudumu.

Wamarekani walijua kwamba aliwahi kuugua polio. Kitu ambacho wengi hawakukijua ni kiasi cha ulemavu wake, kwa sababu wapiga picha walitakiwa wasimpige akiwa amebebwa au amekaa katika kiti hicho, na walinzi wake waliwazuia waliojaribu. Aliongoza nchi kuanzia mwaka 1933 mpaka kifo chake mwaka 1945, akachaguliwa mara nne, na katika maelfu ya futi za filamu zilizopigwa miaka hiyo ni vipande vichache mno vinavyomwonyesha akiwa katika kiti cha magurudumu. Kimoja, cha sekunde chache, kilichopigwa kwenye meli ya kivita huko Pearl Harbor mwezi Julai 1944, kilitangazwa mwaka 2013 baada ya mwalimu mmoja wa chuo kukikuta katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa akiwa anatafuta jambo jingine.

Yeye mwenyewe alilitamka jambo hili hadharani mwishoni. Tarehe 1 Machi 1945, aliporudi kutoka mkutano wa Yalta, alilihutubia Bunge akiwa ameketi, akaomba radhi na kueleza kwamba hivyo ilikuwa nafuu kuliko kusimama na chuma cha ratili kumi miguuni. Kamera zilikuwapo. Wiki sita baadaye alifariki.

Wapo wanaosema alifanya vyema kuficha, kwani watu wa wakati ule wasingemchagua mlemavu. Yawezekana. Lakini fikirini juu ya mtoto wa Marekani wa mwaka 1936 aliyepooza miguu, akitazama sinema kila Jumamosi. Rais wake alikuwa mlemavu kama yeye, na picha haikumwambia.

Mkono wa pili: anayekata na kuunganisha

Mwaka 1934 mwandishi Upton Sinclair aligombea ugavana wa jimbo la California. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, watu wengi hawakuwa na kazi, naye aliahidi kumaliza umaskini kwa kuwapa wasio na kazi mashamba na viwanda vilivyolala. Alishinda kura za maoni za chama cha Democratic mwezi Agosti. Wenye studio za filamu waliingiwa na hofu, hasa hofu ya kodi. Wafanyakazi wengi wa studio walikatwa mshahara wa siku moja ili kumchangia mpinzani wake, Frank Merriam.

Kisha kampuni ya MGM, chini ya mtayarishaji wake maarufu Irving Thalberg, ilitengeneza mikanda mifupi iliyofanana kabisa na filamu za habari. Ndani yake mpiga picha anawauliza watu wa mitaani watampigia nani kura. Waliovaa vizuri, akina mama wenye adabu na wazee wenye nyumba zao, wanasema Merriam. Waliochakaa, wenye ndevu na lafudhi za kigeni, wanasema Sinclair. Mkanda wa tatu ulionyesha wazururaji wakiingia California kwa treni za mizigo, kana kwamba nchi nzima ya masikini ilikuwa inahamia huko kufuata ahadi za Sinclair. Mikanda hiyo iligawiwa katika kumbi za sinema za jimbo zima, na watazamaji waliiona mahali pale pale walipozoea kuona habari za kweli.

Sinclair alishindwa mwezi Novemba, ingawa alipata kura karibu 880,000. Siwezi kusema kwamba ni mikanda ile peke yake iliyomwangusha, kwa maana magazeti nayo yalimpinga vikali. Lakini ninyi mliowahi kusimamia uchaguzi wa wazee wa kanisa mnaelewa uzito wa jambo hili. Haikuwa lazima kila kitu kiwe cha kubuni. Ilitosha kuchagua nani aonekane na nani asionekane, kisha kuwapanga mmoja baada ya mwingine.

Mkono wa tatu: anayeweka maneno

Mkanda ule wa ndege kubwa ya gesi, Hindenburg, ikiungua huko Lakehurst tarehe 6 Mei 1937, umewashtua wengi. Watu 36 walikufa. Wengi hudhani kwamba sauti ile ya mtangazaji anayelia ilirekodiwa pamoja na picha. Sivyo. Herbert Morrison alikuwa mtangazaji wa redio ya Chicago aliyekuwa akirekodi kwenye sahani za santuri. Sauti yake ilirushwa redioni siku iliyofuata, na baadaye sana ndipo watu walipoibandika juu ya picha za filamu za habari. Picha ni ya kweli na sauti ni ya kweli, ila havikuzaliwa pamoja.

Hapo hakuna madhara makubwa. Lakini tazameni filamu ya serikali ya mwaka 1942 kuhusu Wamarekani wenye asili ya Japani. Baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor mwezi Desemba 1941, watu wapatao 120,000 waliondolewa majumbani mwao katika majimbo ya magharibi na kupelekwa makambini. Wengi wao walikuwa raia waliozaliwa Marekani. Msimuliaji wa filamu hiyo ni Milton Eisenhower, mkuu wa kwanza wa ofisi iliyosimamia makambi hayo na mdogo wake Jenerali Eisenhower aliyekuja kuwa Rais. Sauti yake ni ya upole. Anaeleza kwamba jambo hili ni la lazima kwa usalama wa nchi, na kwamba wahusika wenyewe wanashirikiana kwa moyo mkunjufu.

Sasa fungeni masikio, mtazame kwa macho tu. Mnaona familia na mizigo yao, watoto wamefungwa lebo za karatasi kwenye makoti kama vifurushi vya posta, maduka yanafungwa, askari wamesimama. Macho yanaona jambo moja na masikio yanaambiwa jingine. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuomba radhi rasmi, na kila mhanga aliyekuwa bado hai akalipwa dola 20,000. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini kwa taifa kukubali kile ambacho picha zilikuwa zimekionyesha tangu mwanzo.

Mkono wa nne: anayeshika ufunguo

Sasa nafika kwenye mkanda wa Chicago. Huu ndio sababu hasa ya mimi kukubali kutoa mada hii.

Mwezi Mei 1937 wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya chuma waligoma wakidai chama chao cha wafanyakazi kitambuliwe. Sheria ya mwaka 1935 ilikuwa imewapa haki hiyo, na Mahakama Kuu ya nchi ilikuwa imeithibitisha mwezi Aprili 1937. Kampuni kubwa kuliko zote, U.S. Steel, ilikwisha kukubali mwezi Machi. Lakini kampuni ya Republic Steel ilikataa.

Tarehe 30 Mei ilikuwa Jumapili na siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Wagomaji walikusanyika uwanjani karibu na kiwanda cha kusini mwa Chicago pamoja na wake zao, watoto na wageni. Baada ya hotuba, watu zaidi ya elfu moja waliandamana kuvuka uwanja wa majani kuelekea kwenye lango. Polisi walikuwa wamepanga mstari. Mbele palitokea mazungumzo ya dakika chache, kisha risasi zikaanza, mabomu ya machozi na virungu. Watu kumi walikufa, wengine siku ile ile na wengine baadaye kwa majeraha. Makumi ya wengine walijeruhiwa.

Kesho yake magazeti makubwa yaliandika kwamba genge la wachochezi lilikuwa limewavamia polisi, nao wakajitetea. Wananchi wengi waliamini, kwani hawakuwa na habari nyingine.

Lakini pale uwanjani alikuwapo mpiga picha wa Paramount, Orlando Lippert. Alipiga waandamanaji wakija, akapiga mazungumzo ya mstari wa mbele. Sekunde chache tu, wakati risasi za kwanza zinalia, alikuwa anabadilisha lenzi. Kamera inaporudi kufanya kazi, watu tayari wanakimbia wakiwa wamewapa polisi mgongo, na polisi wanawafuata wakiwapiga virungu hata walioanguka. Mmemwona yule mama mdogo wa umbo akisukumwa ndani ya karandinga pamoja na majeruhi. Mmewaona watu wakiburutwa kama magunia.

Paramount waliuona mkanda huo, wakaufungia. Sababu waliyoitoa ni kwamba ungeweza kuzusha ghasia ndani ya kumbi za sinema. Ndugu zangu, sababu hiyo si ya kijinga. Mwenye ukumbi ana wajibu kwa watu waliomo ndani. Lakini angalieni matokeo yake: watu kumi walikuwa wamekwisha kuzikwa, wajane wao walikuwa wakisoma gazetini kwamba waume zao walikuwa wahuni, na ushahidi ulikuwa umefungiwa kabatini.

Ilihitajika mamlaka nyingine kulifungua kabati hilo. Katika Baraza la Seneti ilikuwapo kamati iliyochunguza uvunjaji wa haki za wafanyakazi, chini ya Seneta Robert La Follette wa Wisconsin. Kamati iliuagiza mkanda kwa nguvu ya sheria na kuutazama kwa siri. Mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch, Paul Y. Anderson, alipata maelezo ya kilichomo, akayachapisha katikati ya mwezi Juni. Mwanzoni mwa Julai mkanda ulionyeshwa mbele ya kamati hadharani, na Paramount wakalazimika kuutoa kwenye kumbi. Hata hivyo, katika mji wa Chicago wenyewe ulipigwa marufuku.

Kamati iliyalinganisha maneno ya polisi na picha, na picha na taarifa za madaktari. Katika wale kumi waliokufa, saba walipigwa risasi mgongoni na watatu ubavuni. Hakuna hata mmoja aliyepigwa kwa mbele. Mtu anayevamia hapigwi risasi mgongoni.

Je, haki ilitendeka? Hapana, si kwa ukamilifu. Baraza la uchunguzi wa vifo la kule Chicago lilisema mauaji yale yalikuwa halali, na hakuna askari aliyeshtakiwa. Mgomo wenyewe ulishindwa. Kampuni hiyo ilikuja kutia sahihi mkataba na chama cha wafanyakazi mwaka 1942. Lakini tangu ule mwezi wa Julai hakuna tena aliyeweza kusema kwa uhakika kwamba wale kumi walikufa wakivamia. Mwaka 1997 mkanda huo uliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa. Wajukuu wa wale waliokufa wanaweza kuutazama leo.

Kuna njia nyingine ya kupoteza ushahidi, isiyohitaji mtu mwenye nia mbaya. Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kuwaka hata kikiwa chini ya maji. Kampuni ya Universal iliikabidhi serikali hazina yake ya mikanda katika miaka ya 1970. Tarehe 7 Desemba 1978 moto ulizuka katika maghala ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Suitland, Maryland, na futi zipatazo milioni 12.6 za mikanda hiyo zikateketea. Sehemu kubwa ilikuwa vipande ambavyo havikuwahi kutumiwa katika habari zilizotolewa, yaani yale mabaki ya mkasi. Mfano wa Chicago unatufundisha kwamba mara nyingine ukweli umo katika mabaki hayo hayo.

Wasioonekana

Kabla sijamaliza, niseme neno kuhusu wasioonekana. Katika mikanda mingi ya miaka ya 1930 Wamarekani weusi ni kama hawapo, au wapo kama wachekeshaji na wanamichezo tu. Ndiyo sababu mwaka 1942 ulianzishwa mkanda wa pekee kwa ajili yao, All-American News, ili nao waone askari wao, walimu wao na viongozi wao.

Kwa hiyo mkanda wa Marian Anderson una uzito wake. Mwimbaji huyo mweusi, aliyesifiwa Ulaya nzima, alinyimwa ukumbi wa Constitution Hall mjini Washington na chama cha akina mama kiitwacho Daughters of the American Revolution, kwa sababu ya rangi yake. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alijiuzulu uanachama wake. Tarehe 9 Aprili 1939, siku ya Pasaka, Anderson aliimba mbele ya sanamu ya Rais Lincoln, akitazamwa na watu wapatao 75,000 waliosimama kwenye baridi, weusi kwa weupe. Kamera za Hearst zilikuwapo. Mtu ambaye jimboni kwake weusi walipandishwa roshani ya juu ya ukumbi wa sinema alimwona mama huyo, mtulivu, akiimba katikati ya mji mkuu wa nchi. Miaka 24 baadaye, tarehe 28 Agosti 1963, Anderson aliimba tena pale pale, siku ambayo Mchungaji Martin Luther King alihutubia watu wapatao 250,000.

Kamera ile ile inayoweza kumfuta mtu inaweza kumsimamisha mahali ambapo hakuna atakayemfuta.

Tunapotazama, tuulize

Mikanda ya Universal sasa ni mali ya umma, na mingi inapatikana bure katika intaneti. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini vijana wetu hawaipokei ikiwa mizima. Inawafikia kwenye simu, imekatwa vipande vya sekunde thelathini, imewekewa muziki na maneno mapya, na siku hizi kompyuta inaweza kutengeneza hata picha ya jambo ambalo halikutokea kamwe. Thalberg wa mwaka 1934 alihitaji studio nzima. Leo kijana mmoja anatosha.

Kwa hiyo napendekeza tunapotazama picha za namna hii, nyumbani au katika vikao vyetu, tuulize maswali matano:

1. Nani alikuwa nyuma ya kamera, na nani alimzuia asipige nini?
2. Nani alikata na kupanga, na alinufaika vipi?
3. Sauti hii ni ya nani, na ilirekodiwa wakati mmoja na picha?
4. Nani alikuwapo mahali hapo lakini haonekani?
5. Mkanda mzima uko wapi, na nani ana ufunguo?

Naomba tusiondoke hapa tukisema kwamba picha zote ni uongo. Hilo ndilo kosa ninaloliogopa zaidi. Asiyeamini chochote ni rahisi kudanganywa sawa na anayeamini kila kitu. Kama wale maseneta wangesema filamu ni mchezo tu, wale watu kumi wangebaki kuwa wavamizi mpaka leo. Waliutafuta mkanda mzima, wakaulinganisha na maneno ya watu na taarifa za madaktari, kisha wakauonyesha mbele ya wote. Kazi hiyo haikuhitaji elimu kubwa. Ilihitaji subira, na moyo wa kutoogopa kitakachoonekana.

Saa yangu imekwisha, na naona mikono imekwisha kunyooshwa kule nyuma. Karibuni kwa maswali.